Jikoni Ulifuata Nini?

Jumamosi, Katesh. Ukungu umeukalia mlima Hanang tangu alfajiri, na baridi ni ile ya kumfanya fundi cherehani apulizie vidole kabla ya kutunga uzi. Leo sijashona hata pindo moja. Nimekaa tu.

Shajara, wewe na wasomaji wako wote (yaani mwanangu Paskali aliyeko Arusha, aliyenifungulia blogu hii, na nadhani mchumba wake, akilazimishwa), leo sina kichekesho. Vichekesho vyangu ndivyo vilivyonifikisha hapa.

Nianze na Baba Nuru. Jina lake la kuzaliwa silitaji, kwa kuwa mambo yake bado yako polisi. Sisi tunamjua kwa jina la kwenye tamthilia: yule baba mpole anayelea mabinti peke yake, anayesuka nywele vibaya na kuungua akipika uji. Dukani kwangu tivii ikiwaka jioni, wateja hawachukui nguo zao mpaka Baba Nuru amalize kuwafunika wanawe blanketi.

Na kwetu Jorodom, upande huu wa Katesh, huyu si mtu wa kwenye tivii tu. Tope liliposhuka kutoka mlimani na kutubebea nyumba na watu, alikuja. Alivaa viatu vyeupe, vikazama. Akabeba gunia la sembe begani mwake mwenyewe, akapandisha nalo hadi shuleni tulikolala. Mimi cherehani yangu ilikuwa imekwenda na maji. Akanishika bega akaniambia, "Pole mama, utashona tena." Kuna mtu alitupiga picha. Ipo hapa ukutani, juu ya meza ya kukatia. Mimi nimefumba macho, bila shaka, maana sijawahi kupigwa picha nikaonekana mtu mwenye akili.

Na kweli nikashona tena.

Basi wiki iliyopita msichana mmoja aliyeigiza naye akajitokeza akasema mambo aliyofanyiwa na Baba Nuru kwenye chumba cha hoteli, walikokwenda kurekodi. Baada yake wakajitokeza wengine wawili. Nchi nzima ikawa baraza. Vijana wa bodaboda pale stendi wakasema wasichana wanatafuta jina. Wengine, ambao juzi walikuwa wanamlilia kwenye tamthilia, wakafurahi kama watu walioona tajiri anadondoka matopeni. Kila mtu alikuwa na hukumu yake tayari, imepigwa pasi.

Sisi akina mama wa kikundi chetu tukaamua kumtetea. Naandika "sisi", lakini wazo lilikuwa langu. Nilisema mtu aliyetubebea gunia hatuwezi kumwacha peke yake. Jumatano tukavaa sare zetu za kitenge cha njano, nilizozishona mimi, tukasimama mbele ya duka, na mwenyekiti wetu Mama Fabiola akashika simu. Mimi ndiye niliyesemea kikundi, kwa kuwa nina mdomo. Nikamshukuru Baba Nuru, vizuri tu, mpaka nikaona wenzangu wamepoa. Nikataka wachangamke. Nikaitazama kamera nikasema:

"Na wewe binti, kama moto hukuutaka, jikoni ulifuata nini?"

Tukacheka. Mama Fabiola alicheka mpaka simu ikatikisika. Unaweza kuona video yenyewe inavyoyumba.

Ikasambaa kama moto wa kiangazi. Dada yangu akanipigia kutoka Endagikot: "Umefika mpaka Mbulu, umekuwa staa!" Madereva wa noah wakawa wanapunguza mwendo dukani kwangu na kupiga kelele, "Jikoni ulifuata nini?" Nami napunga mkono. Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu nikidanganya humu nitasema kweli wapi? Nilipenda. Mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti yanayolia kuliko cherehani, kupigiwa kelele na vijana barabarani! Nililala na tabasamu.

Jana asubuhi wakaja wanawake kutoka Getanuwas.

Walikuwa sita. Mbele yao alikuwa Bibi Udagwenga, mteja wangu wa miaka, Mbarbaig mwenye bangili za shaba hadi kiwikoni, ambaye huniletea sare za shule za wajukuu wake nizipunguze. Nikafurahi. Nikasema shikamoo, nikatoa mkeka, nikabandika chai. Bibi akajibu "Marahaba," basi. Mkeka hawakuukalia. Walikaa chini, kwenye vumbi, wakitazama mlango wangu, na kila mmoja akalaza fimbo yake mapajani.

Nikadhani wamechoka na njia.

Miaka yote hii nakaa na Wabarbaig, nawapima viuno, najua nani ana mguu mmoja mrefu, na bado nikadhani wamechoka na njia. Nikawa nawatania kwamba sare bado hazijapigwa pasi, wasinipige fimbo. Hakuna aliyecheka. Chai ikapoa.

Mume wangu alikuwa anatoka shambani. Alipoona zile fimbo, aligeuza palepale, akapita kwenye uzio wa jirani. Dakika hiyohiyo simu yangu ikaita. Ni yeye, yuko nyuma ya jiko letu.

"Mama Paskali, umefanya nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu. Wamefuata nguo."

"Wanawake wenye fimbo hawafuati nguo," akasema, na akakata.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwao, mwanaume akimkosea mwanamke kosa kubwa, wanawake huitana, wanaacha kazi, wanakwenda kukaa. Wanaume hawasogei. Wanakaa mpaka mwenye kosa atoe dume jeusi la ng'ombe, na akikataa, laana yao hakuna anayetaka kuijaribu. Hiyo naijua kama kila mtu wa Hanang anavyoijua. Ila sikuwahi kusikia wamekaa mlangoni kwa fundi wa nguo.

Bibi Udagwenga akatoa simu kwenye vazi lake la ngozi, simu ya mjukuu, kioo kimepasuka. Akaiwasha. Nikasikia sauti yangu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Cheka basi. Hapa ulicheka."



Akanieleza, polepole, kwa Kiswahili chake kisicho na mapambo. Ndugu yake ana binti, mtu mzima, posa imeshaletwa. Jina lake silitaji, nimeshamfanyia ya kutosha. Kule kijijini kwao kuna mwenye mashine ya kusaga, mtu anayependwa. Asiye na hela anamsagia bure. Mwezi uliopita binti alipeleka mahindi, akaambiwa asubiri wengine waishe. Wakaisha. Mlango wa ghala ukafungwa.

Alikaa na jambo hilo kimya. Jumanne akamwambia mama yake. Jumatano wanawake wakaanza kuitana, na kikao kikapangwa Jumapili. Alhamisi video yangu ikafika kijijini. Watu wa mwenye mashine wakaicheza pale mashineni, kwa sauti kubwa, foleni nzima ikisikia. Wakasema, oneni, hata wanawake wenyewe wanasema. Tena wanawake wa Jorodom, watu walioonja msiba.

Na binti akayameza maneno yake. Akamwambia mama yake kwamba alikosea, hakuna kilichotokea, aachwe aolewe.

"Anasema yule mama mnene wa Katesh atamcheka," akasema bibi.

Mama mnene ni mimi, shajara. Siku nyingine ningebisha.

Nikajitetea. Nikasema mimi nilikuwa namsema mwigizaji wa Dar, siyo binti wa Getanuwas, simjui hata sura. Nikasema hakuna anayejua ukweli wa yale ya hotelini, hatukuwepo.

"Ndiyo. Hukuwepo," akasema bibi. "Ulisema nini sasa?"

Kisha akaniambia jambo ambalo tangu jana linanizunguka kichwani. "Sisi mwanamke akisema ameumizwa, tunaacha maziwa motoni. Tunakwenda kukaa naye. Kuuliza tutauliza, hata yeye tutamuuliza, lakini tukiwa tumekaa. Nyie mliuliza mmesimama, mnacheka."

Nikauliza faini yangu ni nini. Nikajaribu mzaha wa mwisho, Mungu anisamehe, nikasema dume jeusi sina, nina kuku wawili na mmoja haoni vizuri.

"Dume tunamdai mwanaume. Wewe tunakudai mdomo. Jumapili uje ukae. Hiyo nguo ya njano usivae. Fimbo utakata yako."

Wakainuka, wakakung'uta vumbi, wakaenda. Sare za shule wakaziacha, hazijapigwa pasi kweli.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Fabiola kumwomba tuifute video kwenye kundi letu la WhatsApp na tuseme neno lingine, sote pamoja. Akaniangalia kana kwamba nimelogwa.

"Sasa unamgeuka Baba Nuru? Na lile gunia ulikula wewe, au ulimpa mbwa?"

Nikamwambia gunia nililila, na nashukuru mpaka leo. Nikamweleza habari za binti, bila jina. Akachambua mboga zake. Kisha akasema hayo ni mambo ya Wabarbaig, yetu ni mengine. Nikatamani kumkasirikia lakini nilikosa pa kusimama, kwa sababu Jumatano ningesema hivyohivyo, na ningeongeza kichekesho.

Nikaifuta kwangu. Lakini kufuta kwangu ni kama kufagia uwanja wangu wakati upepo unavuma kijiji kizima. Nikiwa gengeni nanunua vitunguu, mtoto wa muuzaji akaniimbia ile sentensi, na mama yake akacheka akanipa kitunguu cha nyongeza.

Nilikichukua. Ndivyo nilivyo.

Mchana nilijirekodi peke yangu, nimekaa kwenye kiti cha cherehani, nimevaa gauni la kawaida. Nilianza mara nyingi. Kila nikianza, mdomo unatafuta mzaha wa kuegemea, kama mtu aliyezoea fimbo ya kutembelea. Mwishowe nikasema tu kwamba nilimcheka msichana aliyesema ameumizwa, kwamba sijui kilichotokea kule hotelini, na kwamba kwa kuwa sijui, nilipaswa kukaa kimya au kukaa naye. Nikataja kwamba wapo wengine waliosikia kicheko kile, nao nawaomba radhi. Nikaituma kwenye kundi. Wote wamesoma. Mama Fabiola kaweka kidole gumba, kimetazama chini. Haijasambaa. Mzaha una mbawa, shajara. Kuomba radhi kunatembea kwa miguu, tena kwa magoti kama yangu.

Picha ya ukutani sijaishusha. Nimeitazama sana leo. Gunia alilibeba kweli, na mkono ule begani mwangu ulikuwa wa huruma; hilo ninalijua kwa sababu bega ni langu. Mkono uleule kwa yule msichana wa hotelini ulikuwaje, anayejua ni yeye mwenye bega. Mimi nilichukua bega langu nikalifanya ushahidi wa mabega ya watu wote. Na pale mashineni Getanuwas nao wamefanya hivyohivyo, kila mmoja na unga wake aliosagiwa bure.

Mchana huohuo nilikata fimbo kwenye uzio wa nyuma. Niliikata vibaya, ina vifundo kila mahali. Mimi ni mtu wa mkasi. Nikaiacha mlangoni nikaenda kumkamua ng'ombe. Niliporudi nilimkuta Baba Paskali amekaa kwenye kigoda, anaiparua kwa kipande cha chupa, taratibu, kama anamenya muwa wa mgonjwa. Yeye ndiye aliyeniambia Jumatano kwamba ile video si nzuri, nikamwambia ana wivu na umaarufu wangu. Alipomaliza aliipitisha kiganjani kuona kama itanichoma, akaisimamisha nyuma ya mlango.

"Kesho nitakupeleka kwa pikipiki hadi njia panda," akasema. "Mbele ya hapo mwanaume sisogei."

Naogopa. Siogopi laana wala fimbo. Naogopa kwamba binti hatakuja. Naogopa zaidi kwamba atakuja, ataniona nimekaa kati ya shangazi zake, atalitambua lile tumbo la kwenye video, na atageuka arudi ndani. Nitamwambia nini? Bibi alisema nisiseme kitu mpaka nimekaa. Basi nitakaa. Akinitazama, nitamtazama. Akitaka nisubiri mpaka jioni, nitasubiri. Sare za wajukuu nimezipiga pasi, nitazibeba, ili mikono iwe na kazi njiani.

Watu husema kesho ni siku nyingine. Yangu si nyingine. Ni Jumatano ileile, imetangulia Getanuwas, imekaa chini kwenye vumbi, inanisubiri.