Bado Naomba, Mama Yunisi

Mama Yunisi,

Shauri la mtoto limepangiwa siku. Amenieleza leo mchana Bi Halima, afisa ustawi wa jamii, na amesema maombi yatakayofika mbele ya jaji ni mawili. Moja ni letu. La pili ni la mtu na mkewe kutoka nje, wale wanaochimba visima upande wa Ilongero. Wameishi hapa muda wa kutosha kuruhusiwa kuomba. Mkataba wao ukiisha watarudi kwao, na wakimpata Yunisi wataondoka naye.

Nikueleze tulivyofika hapo, maana uliondoka alizeti zikiwa bado shambani na mengi yamebadilika.

Tuliomba kumuasili Yunisi, mtoto tuliyepewa kumlea, tukiwa wawili. Ulipofariki, Bi Halima aliniita akaniambia kwamba mwanamume aliyebaki peke yake hapewi mtoto wa kike hivihivi, mpaka mahakama ione sababu maalumu. "Baba Yunisi, sikufukuzi," alisema. "Nakuuliza kama bado unaomba. Ukisema bado, naandika bado. Ukisema aende kwa wale, naandika hivyo, na hakuna atakayekulaumu."

Nikaomba muda wa kufikiri. Ungenicheka. Ulizoea kusema kwamba mimi hata nikiulizwa habari za asubuhi, nauliza kwanza chanzo ni nani.

Nilienda kwa hao wachimba visima nikiwa na Yunisi. Nitakuwa mkweli kwako: nilikwenda kutafuta kasoro, kama nifanyavyo kazini, na nilichopata ni mbwa anayebweka sana. Mama wa pale anaitwa Karin. Alimpa Yunisi shikamoo, Yunisi akaangua kicheko, akamfundisha palepale nani anampa nani. Karin akarudia mpaka akapatia. Niliuliza mtoto atasoma wapi, Kiswahili atazungumza na nani, na kama ataletwa kutusalimia. Walinijibu yote bila kuzunguka. Pale pasipo na jibu walisema hawajui. Wako wawili, ni wazima, na wanampenda. Mimi niko mmoja, na kazi yangu ya uandishi wa habari unaijua, naweza kupigiwa simu nikaenda Itigi, treni imekwama, nikarudi kesho yake.

Shemeji Yona hakunipunguzia. "Shemeji, kuku wako wenyewe wanalala kwa jirani. Binti utamweza?"

Na wewe, pale hospitali, uliniambia nisimng'ang'anie Yunisi kwa ajili yako. Ulisema mtoto si picha ya kutundika ukutani ya mtu aliyekufa. Neno hilo nimelala nalo. Kila nilipotaka kusema "bado naomba," nilijiuliza ninayemtaka ni yeye au ni wewe.

Sasa sikiliza la mama yako. Matanga yalipokwisha Misigiri, alikuja mjini na kapu lake la mtama na hakutaja siku ya kurudi. Kulala chini ya paa la mkwe wake hawezi, unajua heshima ya wazee wa kwenu. Amepanga chumba kwa Mama Rukia, ng'ambo ya ua. Asubuhi anakuja jikoni kwetu, mimi nakaa barazani, hatutazamani usoni wala hatusemeshani. Ukuta ni mmoja na mlango uko wazi, kila kitu kinasikika. Lakini maneno yote yanapita kwa Yunisi.

"Yunisi, mwambie baba yako chumvi imekwisha."

"Baba, chumvi imekwisha."

"Mwambie bibi nimesikia."

"Bibi, amesikia."

Nyumba imekwenda hivyo na imekwenda vizuri. Yunisi anaona ni kazi yake. Akiwa shule ya awali tunakaa kimya mpaka arudi, na siku moja ugali uliungua mama yako akiwa amesinzia jikoni, mimi naunusa barazani, nisiweze kumwita.

Bi Halima alikuja kutukagua bila kutuarifu, jioni ya juzi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Itigi. Nikamkaribisha kiti barazani. Mama yako, jikoni, hakujua kuna mgeni.

"Yunisi," alisema kwa sauti ya ukali, "mwambie baba yako hii tabia ya kuchelewa aiache. Chakula kimepoa mara mbili."

Nilisikia. Bi Halima alisikia. Yunisi akatoka, akasimama mbele yangu mikono nyuma, kama anavyosimama akileta ujumbe.

"Baba, bibi anasema ukichelewa mimi silali. Nakaa dirishani. Anasema usiwe unaenda mbali."

Miaka yote ya kazi hii nimewagombeza vijana kwa kumwekea mtu maneno asiyoyasema. Yule mtoto sikumsahihisha. Bibi yake naye alisikia, kule jikoni. Akasema, "Mwambie ndivyo nilivyosema."

Bi Halima alimwita Yunisi akakaa naye peke yao chini ya ukuta wa Mama Rukia. Waliyozungumza hakuniambia na sikumuuliza. Alipokuwa anaondoka nilimwambia mwenyewe, bila kusubiri aniulize: bado naomba. Si kwa ajili yako, Esta. Nimeliangalia neno lako pande zote, na anayekaa dirishani ni Yunisi.

Asubuhi yake nilikwenda kumwambia Karin kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Alimfunga mbwa kwanza, akanipa kiti. Kisha akasema, "Asante umekuja mwenyewe. Na sisi bado tunaomba." Nikamwambia hiyo ni haki yao. Tulipeana mikono.

Kwa hiyo jaji atachagua, na sijui atachagua nini. Akiona sababu maalumu, Yunisi atakuwa wetu kwa maandishi kama alivyo kwa mdomo. Asipoiona, nitamfungia nguo zake mwenyewe, nitamweleza anakokwenda bila kumdanganya, na nitawapa anwani ya Misigiri wamlete akusalimie kaburini. Nakuahidi hayo yote.

Pumzika, mke wangu. Sitakuandikia kila mara, unajua siandiki pasipo na habari.

Tunasikilizwa Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Yona ametupatia gari. Mimi nitakaa mbele, mama yako nyuma, na Yunisi amekwisha kutuambia atakaa nyuma lakini katikati, ili sote tumsikie. Jumapili inayofuata nitakuja Misigiri, kaburini, kukuambia kilichoamuliwa.

Baba Yunisi