MC Nusu na Mshauri wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi. Rangwe.

Nimekunja nyaya asubuhi yote. Sherehe ya jana Oyugis ilinyeshewa. Spika moja imeingia maji, inakohoa. Hata mimi nakohoa.

Watu walicheka lakini. Nilianza na ile ya kila wiki: "Walio nyuma msinyooshe shingo, nimeshasimama tayari." Halafu ile ya mama mkwe wangu, kwamba binti yake aliolewa na nusu mtu, salio litafuata. Ndiyo kazi yangu, kushika maikrofoni kwenye sherehe za watu na kujichekesha. MC Nusu. Jina liko kwenye fulana na kwenye spika. Chacha limesahaulika. Mtu akiniita Chacha natazama nyuma kuona nani anaitwa.

Mchana akaja Boke, kifungua mimba wetu. Anafundisha chekechea Homa Bay, na huko huko amepata mchumba. Wakwe watakuja nyumbani kwetu Isebania Jumapili ya tarehe kumi na tatu Aprili, kuleta mahari. Akaniambia, "Baba, siku hiyo utawapokea wewe. Uongee kama baba. Usijicheke." Nikamjibu kwamba ukitoa vichekesho kwenye hotuba yangu zitabaki salamu na kikohozi.

Hakucheka. "Mimi sitoki kwenye kichekesho, baba. Natoka kwenye boma."

Aliondoka bila kunywa chai.

Jumanne, 4 Machi.

Nimejaribu hotuba mbele ya kioo cha Adhiambo, mke wangu. Sentensi ya kwanza nilijitukana. Ya pili nilijitukana vizuri zaidi. Ya tatu haikuja.

Naogopa. Nimeongoza sherehe za matajiri na mazishi ya watu wazito, sijawahi kuogopa hivi.

Alhamisi, 6 Machi.

Nimeingia mtandaoni kutafuta msaada. Niliandika "dawa ya kujidharau." Wakaja waganga. Mmoja anarudisha wapenzi waliopotea. Wa pili anavuta wateja dukani. Wa tatu anaahidi kurefusha. Sikusoma anarefusha nini. Nilifunga simu haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Nikajaribu tena kwa Kiingereza. Hapo ikaja programu ya ng'ambo, picha za watu weupe wamekaa kwenye makochi wakitabasamu na mimea. Inauliza: kuanzia moja hadi kumi, unajithamini kiasi gani? Nikaweka mbili. Simu ikamwaga karatasi za rangi kwenye kioo na kuandika "Kazi nzuri!"

Sijui kama nilipongezwa au nilikejeliwa.

Ijumaa, 7 Machi.

Adhiambo ameniuliza mbona nacheka na simu peke yangu chooni. Nimemwambia ukweli. Nilidhani atashangaa. Akasema tu, "Tafuta mwenye anaongea Kiswahili. Kiingereza chako ni cha kutangaza maegesho ya magari."

Huyu mwanamke ananijua. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kupatana. Kijaluo changu kinachekesha watu wake, Kikuria chake kinachekesha watu wangu. Nikiumwa, naumwa kwa Kiswahili.

Jumapili, 9 Machi.

Nimempata. Mwanamke wa Mombasa, mshauri nasaha mwenye leseni, anaonana na watu kwa video. Anaitwa Bi Zuhura. Kwenye maelezo yake hakuna makochi wala mimea. Ameandika: "Nasikiliza. Sina haraka." Nilisoma mara nyingi. Sijui kwa nini macho yalipata maji. Labda vumbi la stoo.

Nimeweka miadi ya Jumatano. Nimejiandikisha kama MC Nusu.

Jumatano, 12 Machi.

Nimeaibika. Lakini acha niandike.

Nilijifungia stoo, katikati ya spika, ili wapangaji wenzangu wasisikie. Simu nikaiegemeza kwenye mixer, mtambo wa kuchanganya sauti. Tatizo ni kwamba kwenye simu hizi za video uso wako unakaa pembeni kwenye kadirisha, unakutazama. Mimi siwezi kuongea huku yule jamaa ananikodolea macho. Nikakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme nikamfunika.

Akatokea Bi Zuhura. Mama wa makamo, ushungi wa kahawia, nyuma yake kunguru wanapiga kelele. Salamu zake ndefu, za pwani, hadi nikajiona nimevaa viatu ndani ya nyumba ya mtu. Kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Bwana, unajiona?"

Mimi huyo! Mbio! "Aa-a, dada, mimi sijioni hata kidogo. Mimi ni mtu wa chini kabisa. Uliza mtu yeyote hapa Rangwe kama ameniona nikijiona. Hata ningetaka, ningejiona na urefu upi?"

Kunguru tu ndio waliojibu.

Akasema taratibu, "Nilikuwa nauliza kama unaona picha yako hapo pembeni. Kwangu inakatika."

Nilitaka kuingia ndani ya spika. Nikacheka, nikangoja naye acheke. Kile kilikuwa kichekesho kizuri, kingeangusha hema. Hakucheka. Hakukunja uso pia. Alinitazama tu, kama mtu anayengoja maji yatulie aone chini kuna nini. Halafu akasema, "Nimekuuliza kuhusu picha, wewe ukajitetea kana kwamba umeshtakiwa. Nani alikushtaki?"

Mimi! Nimekaa kimya mbele ya mtu hadi saa yetu ikaisha, na yeye hakuogopa kile kimya. Nimechekesha watu karibu maisha yangu yote ya utu uzima. Sikujua mtu anaweza kukataa kucheka kwa upendo.

Bado nimeduwaa. Mtu yuko Mombasa, bahari iko nyuma ya nyumba yake, na ameingia stoo ya Rangwe akashika mahali ambapo hata mimi sijashika.

Alhamisi, 13 Machi.

Nimewaza lile neno siku nzima. Kujiona. Huku kwetu ni tusi. "Yule siku hizi anajiona." Mtoto akipata alama nzuri anaonywa asianze kujiona. Nimekimbia hilo neno hadi nikafika mahali ambapo sionekani. Sasa najiuliza: mtu asiyejiona kabisa anatembeaje bila kujigonga?

Jumatano, 19 Machi.

Leo Bi Zuhura aliniuliza jina nililopewa nyumbani. Chacha, nikasema. Tangu hapo ananiita Bwana Chacha, na kila mara nakaa wima bila kukusudia.

Nilimwambia kuhusu tepu. Sikupanga, ilitoka. Akaniuliza kama niko tayari kuibandua. Nikasema ngoja wiki ijayo. Akasema sawa. Akaongea mambo mengine, kuhusu baba yangu, kuhusu mdogo wangu Mwita aliyetoka mrefu mimi nikabaki. Katikati ya maneno mkono wangu wenyewe ukaenda ukabandua.

Jamani.

Nilikuwa nimezoea sura yangu ya maikrofoni: meno yote nje, nyusi juu. Huyu wa kwenye kadirisha alikuwa anasikiliza. Mdomo umetulia. Ana mvi kidogo kwenye kidevu. Ni marehemu baba kabisa, vile alivyokuwa akikaa akisikiliza mtu mwenye shida. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kukaa mbele ya ule uso.

Nilishika kidevu changu. Bi Zuhura hakuuliza. Alikuwepo tu.

Jumapili, 23 Machi.

Kazi ya nyumbani: mtu akinisifu, niseme asante, ninyamaze. Basi.

Rahisi? Leo Oyugis bibi mmoja alinishika mkono, akasema, "MC, umeongoza vizuri sana." Nikasema asante. Ulimi ukaanza kuruka kama samaki kwenye beseni, unataka kuongeza "ni spika, si mimi." Nikaufungia. Bibi akangoja kichekesho. Hakikuja. Akanitazama tena, vizuri zaidi, akasema, "Haya baba."

Jasho lilinitoka kuliko kubeba jenereta.

Jumatano, 26 Machi.

Mwita amepiga simu kutoka Isebania. Ana nyumba ya ghorofa jirani na kanyumba kangu, sauti nzito, na akisimama watu wanaacha kutafuna. "Kaka, usisumbuke. Wakwe watakaa kwangu. Nitaongea mimi. Wewe shughulika na mitambo tu."

Nikasema sawa.

Lilitoka haraka hivyo hivyo. Sawa. Nimechukia hilo neno lilivyonitoka mdomoni kabla akili haijafika.

Mtandao leo ni mbovu. Bi Zuhura aliganda mkono ukiwa hewani kisha akapotea. Nilibaki nimekaa na spika.

Ijumaa, 28 Machi.

Boke amesikia kwa shangazi yake. Alipiga simu akiwa amekasirika, watoto wa chekechea wanaimba nyuma yake. "Kwa hivyo baba mdogo ndiye atanitoa. Na wewe utakuwa nani siku hiyo? Fundi wa spika?"

Kichekesho kilikuwa tayari kwenye ulimi. Kizuri hata. Nilikimeza. Lakini sikupata kingine cha kuweka mahali pake, kwa hivyo akasikia kimya tu. Akakata.

Adhiambo aliniwekea chai mbele, akasema, "Baba Boke, mtoto hakuombi urefu."

Jumatano, 2 Aprili.

Nimemwomba Bi Zuhura aniandikie hotuba. Fupi tu, niikariri. Amekataa! Nikamwambia mimi nalipia huduma. Hapo alicheka, mara ya kwanza, kicheko cha kweli, nami nikafurahi kama mtoto aliyepewa pipi na mwalimu mkali.

Kisha akasema kitu nimekiandika mkononi kwa kalamu: "Ukijitukana mbele ya wakwe, Bwana Chacha, unamwambia Boke kwamba ametoka kwa mtu wa kutukanwa. Anaondoka na hilo pia."

Sikuwahi kufikiri kwamba kichekesho changu kina mtu mwingine ndani yake. Nilidhani najipiga peke yangu.

Hakutoa ushauri mwingine. Alisema mengine ninayo.

Alhamisi, 3 Aprili.

Nimempigia Mwita. Nilitembea hadi nyuma ya soko kwanza, nikarudi, nikaenda tena. Nikamwambia wakwe watakaa kwangu, kwenye kanyumba, na nitaongea mimi. Nilingoja ngurumo.

Akasema, "Lakini kaka, wewe unaogopa."

"Naogopa sana."

"Haya. Basi mimi nitakaa kando yako."

Ni hivyo tu. Nimemwogopa mtu huyu tangu alipoanza kunipita kimo, kumbe yeye alikuwa anangoja nimwambie.

Mitambo nimempa MC wa Migori mjini. Ana vichekesho vibovu. Atatosha.

Jumatano, 9 Aprili.

Bi Zuhura ameniuliza naona nini. Kwenye kadirisha, alimaanisha. Nikatazama bila haraka. Nikasema naona mtu.

Akaitikia kwa kichwa. Kunguru wake wakapiga kelele.

Jumapili, 13 Aprili. Isebania.

Nimechoka, lakini nikilala bila kuandika nitadhani niliota.

Walikuja wengi, watu wa Homa Bay, akina mama na nyimbo zao tangu barabarani. Kanyumba hakakuwatosha, hema likatosha. Yule MC wa Migori akaniita kwa mbwembwe: "Na sasa, mwenyewe, MC Nusuuu!" Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Hata wazee wa upande wetu. Walikuwa wanacheka deni, kile kichekesho wanachojua kinakuja.

Nilisimama. Sikuchukua maikrofoni. Nikangoja.

Kicheko kiliisha polepole, safu kwa safu, kama mvua inavyoacha mabati. Kikabaki kimya ambacho mimi ndiye huajiriwa kukijaza. Sikukijaza.

Nikasema: "Mimi ni Chacha. Boke ni mtoto wangu. Alikulia kwenye sherehe zangu, akilala juu ya spika, muziki juu kabisa. Muziki ukizimwa, anaamka. Kwa hivyo, mkwe wangu, ukimwona ameamka nyumba ikiwa imetulia, si ugonjwa. Ongea naye. Alizoea kulala akimsikia mtu wake."

Hapo wengine walicheka, wengine wakashika vitambaa. Nikaona kumbe watu wanaweza kucheka na hakuna aliyeumia.

Nikamalizia: "Mimi ndiye niliyekuwa nambeba kutoka kwenye spika hadi nyumbani. Hakuwahi kuwa mzigo. Namleta kwenu nikiwa nimesimama." Nikakaa.

Hawakupiga makofi. Mzee wa kwao, mjomba wa bwana harusi, aliinua kofia kidogo, akasema kwa Kijaluo, "Wasewinjo, jaduong'." Tumesikia, mzee. Jaduong' ni mtu mkubwa, na kule kwao neno hilo haliangalii kimo.

Mwita aliweka mkono kwenye goti langu akauacha hapo. Boke alikuja na sahani ya nyama, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Alinitazama, nami sikutazama pembeni.

Sina neno la kilichonipata pale. Nilikuwa mdogo vile vile, na hema zima lilinitosha.

Jumatatu, 14 Aprili. Isebania.

Boke ameondoka alfajiri kurudi Homa Bay. Adhiambo anaosha sufuria na shemeji zake, wanaongea lugha tatu na wanaelewana.

Malori ya mpakani yananguruma mbali. Hapa uani majani yamekanyagwa, yana umande. Vijana wa viti wamekuja. Wamevipanga vyote kwenye pikipiki ya magurudumu matatu isipokuwa hiki nilichokalia. Nilianza kuinuka, kuomba radhi.

"Maliza chai, mzee," mmoja akasema. "Tunangoja."

Nikakaa. Nikainywa ikiwa moto, polepole.