Usukani wa Mzee Orville

Curt, acha unachofanya usome.

Unamkumbuka mzee Orville, aliyelalamika usukani unakuwa mwepesi mno akikimbia barabara kuu, kama hakuna aliyeushika? Jumanne nililizungusha gari lake hapo kwenye maegesho ya gereji mara mbili, mwendo wa kobe. Nikaandika kwenye karatasi ya ukaguzi: hakuna tatizo.

Mwendo wa kobe, Curt.

Leo limeletwa limevutwa, mbele kote kumebonyea. Mzee yuko hospitali, hajazinduka. Nimelipima: kihisi cha mwendo kimekufa. Usukani ulidhani gari limesimama, ukawa mwepesi kama wa kuegesha hata kwenye kasi.

Mara mkewe, Lorraine, akaingia na karatasi yangu mkononi. "Ulilijaribu barabara kuu, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Nilimtazama machoni nikasema ndiyo.

Akashusha pumzi. "Basi ni uzee wake tu. Asante, mwanangu."

Aliniambia asante, Curt.