Zahabu ya Darlène na Sarafu Mbili

Mpendwa Mama Safia,

Naomba msaada, ingawa nikuambie mapema kwamba katika haya mambo mimi sina kosa, ao kama niko nalo basi ni dogo sana, na ninataka uliseme hivyo kwenye redio ili muke wangu Victorine asikie, maana kila Jumatano anakusikiliza akipepeta muchele wake, na wewe ukisema kitu anakubali palepale, lakini mimi nikisema anaitika "ehee" na kuendelea kupepeta.

Ninaitwa Grégoire, mulimaji na muuzaji wa muchele hapa Kasongo, na mutoto wangu wa kwanza ni Darlène, ambaye ndiye amenifanya nishike kalamu.

Mama, mimi siamini feza ya karatasi. Watu wanasema ni kichwa kigumu, lakini hawajui kilichotupata. Ile wakati serikali ya Zaire ilitangaza kwenye redio kwamba noti kubwa zimekufa, na kila mutu azipeleke banki kwa siku chache tu, nilikuwa bado mutoto, na baba yangu alikuwa ameuza muchele wa misimu mingi na kuweka noti zake ndani ya chungu, anataka kuezeka nyumba mabati, basi akabeba chungu chake akaenda, akakuta watu wamejazana, wakubwa wanaingia kwa mulango wa nyuma na magunia yao, na kabla zamu yake haijafika wakafunga. Alirudi na chungu kilekile. Sisi watoto tulizichezea zile noti, tukauziana majani na udongo, naye alikuwa anatuangalia tu, hakutukataza, na mimi mupaka leo nikikumbuka uso wake ninaumia. Nyumba ilibaki ya nyasi. Kilichobaki na kazi ndani ya kile chungu ni sarafu moja ya makuta tano, senti za ile feza ya Zaire, na hiyo niko nayo, nimeifunga kwenye kitambaa.

Tangu hapo nimeshika feza tatu: zaire, zaire mupya, na sasa franka. Mbili zimenifia mukononi na hii ya tatu ninaisikia inakohoa. Kuko watu wameketi Kinshasa, ndani ya ile banki kuu, sikuwachagua, hawanijui, wanachapisha noti wakati wanataka, na muchele niliouuza msimu uliopita siwezi kuununua tena kwa bei ileile. Kama huo si wizi, uniambie jina lake. Dola nayo ikipasuka ncha kidogo hakuna anayeipokea, ni karatasi yenye maringo tu. Kwa hiyo mimi mali yangu iko kwa mupunga, kwa mbuzi, na kwa zahabu kidogo nikiipata. Hakuna minisitiri anayeweza kuchapisha mbuzi.

Na vita, Mama, ni vilevile. Kila siku redio zinatuambia tuchague upande, huyu shujaa, huyu shetani, mara vita ya Wazungu huko mbali ambao hata wakionyeshwa ramani hawawezi kuiona Kasongo, mara hii vita ya Kivu ambayo nayo kila siku iko na mwenyewe mupya, na mwisho wa maneno ni uleule, kwamba vijana wetu waende. Ninauliza hivi: wale wanaosema waende, watoto wao wako wapi? Nikiuliza hivyo watu wananiambia mimi sipendi inchi. Mimi ninapenda inchi, ndiyo maana ninailima.

Sasa nifike kwa Darlène. Amepata muchumba, Fidèle, kijana wa Salamabila, kule kwenye machimbo ya zahabu, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki, na mimi huyo kijana ninamupenda, ana heshima, hanywi, na hakuna mutu amemuandika kazi, anajitegemea. Nikawaambia wakubwa zake wazi kwamba kwangu mahari haitakuwa ya franka wala dola, nikasema mbuzi, pamoja na zahabu yenye uzito wa sarafu moja ya makuta tano, kama wafanyabiashara wa zahabu wanavyopima kwa mizani tangu zamani. Walikubali. Baba mudogo wa Fidèle, mzee Alimasi, ndiye alikuwa anaongoza maneno, na katika kikao cha kwanza alianza kutuhubiria ile vita ya Kivu jinsi redio inavyosema, nikamukatiza, nikamuambia, "Mzee, vijana wanakufa kwa ajili ya matumbo ya watu." Baadaye ndiyo niliambiwa kwamba mutoto wake iko jeshini, huko huko Kivu, lakini nilichosema ni kweli.

Wakaja tena na mahari. Jamaa yangu yote ilikuwepo, Victorine alikuwa amepika tangu alfajiri, Darlène amevaa kikwembe kipya. Nikatoa mizani yangu, nikaweka sarafu ya baba yangu upande huu na zahabu yao upande ule, na zahabu ikapanda juu. Nikaongeza kijiti kimoja cha kiberiti upande wa zahabu, bado. Nikavunja kipande cha kijiti kingine, nikaongeza, ndipo ikasawazika. Mama, damu ilinipanda kichwani. Nikasema mbele ya wote, "Basi ninyi pia muko serikali, mumekuja kuniiba kwangu!" Mzee Alimasi akakunja zahabu yake ndani ya karatasi, akasimama, na wote wakamufuata bila kugusa chakula. Mbuzi wakabaki wamefungwa nyuma ya jikoni. Victorine anasema watu waliochoka nawe kabisa wangeondoka na mbuzi wao, lakini mimi ninaona walisahau tu, na hao mbuzi wanatumalizia sombe, majani yetu ya muhogo.

Baada ya siku chache Fidèle akatuma, kwa dereva mwenzake, ile sarafu waliyopimia kule Salamabila, pamoja na maneno haya: "Papa, tafazali, upime sarafu kwa sarafu." Nikapima. Yangu ikashuka, yao ikapanda. Ni makuta tano zote mbili, lakini ya kwao imepita kwenye vidole vya wachimbaji na wanunuzi miaka na miaka, mupaka maandishi yamefutika, na yangu imelala kwenye kitambaa. Kwa hiyo hawakuniiba, hilo ninalikubali, lakini uone, Mama, si ndiyo vile ninasema siku zote? Hata sarafu ya serikali hailingani na ndugu yake!

Fidèle akaahidi kuongeza kile kipande kilichopungua, kwa franka, kwa njia ya simu. Nikamujibu kwamba karatasi ikipita kwenye simu bado ni karatasi, na mutu akiacha msimamo wake mara moja atauacha siku zote. Sasa Darlène amefunga nguo zake. Ameniambia, bila kulia, jicho kwa jicho, "Papa, Jumamosi Fidèle anakuja kunichukua. Ukinipa baraka, nitaenda nayo. Usiponipa, nitaenda vilevile." Victorine hanisemeshi. Ninaogopa, Mama Safia, ninakuambia ukweli. Mutoto wangu wa kwanza atatoka kwangu kama mutu anayekimbia. Umuambie angoje mupaka zahabu irudi na uzito wake. Umuambie baba yake anasimamia ukweli.

Mimi Grégoire, Kasongo.

*

Papa Darlène, eh! Papa Darlène!

Umeniandikia habari za Kinshasa, za Wazungu na za dola yenye maringo, na ile habari ya sarafu mbili ukaificha huko chini, kama mutu anayeweka muchele wenye mawe chini ya gunia. Wewe ni muuzaji wa muchele, unajua kwa nini watu wanafanya hivyo. Leo ninamwaga gunia lote.

Kwanza nikupe haki yako, na Mama Darlène apumzike kupepeta asikie. Kilichomupata baba yako kilikuwa uonevu. Mutu alilima, akauza, akaweka, na watu wasiomujua wakaamua kwa neno moja kwamba jasho lake halina thamani tena. Hata mimi, niliposoma pale mulipofanya soko na zile noti naye anawaangalia, niliweka barua chini kwanza. Kama umeamua kuweka mali yako kwa mupunga na mbuzi, weka, ni yako, na anayekucheka asubiri bei ya muchele ipande halafu akucheke tena. Na kuhusu vita, mutu akikuambia kwamba kuuliza maswali ni kutopenda inchi, huyo ndiye hapendi watu wa hiyo inchi. Endelea kuuliza. Lakini uangalie unamuuliza nani. Mzee Alimasi hapendi redio kuliko wewe. Anaisikiliza kwa sababu mutoto wake iko kule, na akikubali kwamba vijana wanakufa kwa ajili ya matumbo ya watu, usiku atalala vipi? Hilo jibu lako lilikuwa la kumpa minisitiri. Ulimupa baba wa askari, tena alikuwa mugeni ndani ya nyumba yako. Na ulipoambiwa ukweli, uliona haya? Uliandika tu kwamba ulichosema ni kweli. Papa, ni kweli, na bado ulimuumiza bure.

Sasa tuje kwenye mizani. Unasema huamini serikali hata kidogo. Sawa. Ile sarafu uliyoweka upande mmoja, nani aliipiga muhuri? Ni Zaire. Ni serikali ileile iliyomurudisha baba yako na chungu chake. Ukaisimamisha mbele ya jamaa mbili, ukaiamini kuliko macho ya kijana unayesema mwenyewe kwamba unamupenda, na kwa ajili yake ukawaita watu wezi. Wale wa Salamabila nao waliamini sarafu yao. Hakuna aliyedanganya mwenzake. Kila mutu alikuja na alichorithi, na kimoja kimelika kuliko kingine. Hapo mulihitaji kucheka wote na kula kile chakula cha Victorine.

Na kuko kitu kibaya zaidi, uketi vizuri. Serikali ilitangaza kwamba noti za baba yako hazifai, bila kumuuliza. Wewe ulitangaza kwamba zahabu ya Fidèle haitoshi, bila kumuuliza. Wale wa serikali walijua wamekosea, hawakurudisha kitu. Wewe ulipima sarafu kwa sarafu, ukajua umekosea, na hukurudisha hata neno moja la pole. Unaitafuta banki kuu Kinshasa, Papa Darlène? Iko kwenye kiti chako. Wewe ndiye unayeweka bei peke yako, unayefunga mulango zamu ya watu ikifika, na anayebaki nje na mzigo mukononi ni mutoto wako.

Unaniomba nimuambie Darlène angoje. Simuambii. Huyo binti ana msimamo, na ninajua aliurithi kwa nani. Kazi ni yako, na leo ni Jumatano, kwa hiyo usikae kuandika barua nyingine.

Kesho asubuhi umutafute dereva wa pikipiki, umuchukue kaka yake Victorine, mwende Salamabila. Usingoje Fidèle aje Kasongo, wewe ndiye uende, njia ni mbaya na mugongo utakuuma, vizuri, acha ukuume. Wale mbuzi uwaache palepale, muke wako amewaelewa kukushinda: wale watu walikuachia mulango wazi. Uchukue mbuzi mmoja wako mwenyewe, mnono, usichague yule anayekohoa, upeleke kwa mzee Alimasi kuomba msamaha. Uziweke sarafu zote mbili mukononi mwake aone mwenyewe, kisha useme: "Sarafu zilitofautiana, lakini mdomo ulikuwa wangu." Useme hayo, unyamaze. Usimueleze banki. Usimueleze franka. Umuulize habari za mutoto wake aliye vitani, jina lake ni nani, alipiga simu lini, na usikilize mupaka mwisho.

Zahabu yao uipokee vile ilivyo. Kile kijiti kimoja na kipande usikitaje tena, wala kwa mzaha, wala ukiwa umezeeka. Na ukishaipokea, kwa kuwa unasema mali ya mutu iamuliwe na mwenyewe, umukabizi Darlène yote. Ndiye anayeenda kuanza nyumba. Anunue mashine ya kushona, anunue mbuzi, ama aiuze apate franka akitaka, na wewe usigune. Huo ndio uhuru unaouhubiri, uanze kwa mutoto wako.

Sarafu ya baba yako uirudishe kwenye kitambaa chake. Ni kumbukumbu nzuri, na ninaelewa kwa nini unaishika. Ila usiitumie tena kupima watu.

Halafu Ijumaa jioni, ukiwa umerudi na vumbi lako lote, kabla hujanawa, umuite Darlène. Baba yako hakuna mutu aliyemuuliza alitaka nini na ile feza yake. Wewe umuulize mutoto wako, "Mama, wewe unataka nini?" Kuamua mabati ilikuwa haki ya baba yako, na kuamua haya maisha ni haki ya Darlène. Akijibu, hata jibu lisipokupendeza, useme "ndiyo," umuwekee mukono kichwani, na Jumamosi umusaidie kufunga mizigo yake kwenye pikipiki.

Mama Safia