Bunduki Isiyoteleza

Bagamoyo, Mfunguo Tatu, 1302

Kwa dada yangu Mwaija, huko Pangani. Shikamoo dada, na salamu kwa wote ulio nao. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Ashatu amejifungua binti, ana sauti kama muadhini.

Mdogo wetu Hija nilikuwa naye hapa tangu masika. Alikuwa akilinda mihogo yake Fukayosi mvua ikinyesha, bunduki ikamteleza mikononi, nguruwe dume akampasua paja. Mama mwambie aliteguka tu, nakuomba. Kidonda kilifunga, lakini bunduki hakutaka hata kuiona.

Nikakumbuka bunduki ya msafiri mmoja niliyowahi kuitengeneza. Shingo ya kitako chake ilichongwa mistari myembamba iliyopishana kama wavu, mkono upate kushika. Chombo cha kazi hiyo sikukipata popote. Basi nikachukua kipande cha msumeno mkuukuu, nikakitia kwa tupa safu mbili za meno: moja ifuate mstari uliokwisha kukatwa, ya pili ikate mpya kando yake. Kitako cha kwanza nilikiharibu. Cha pili kikatoka kizuri, nikakifunga kwenye bunduki yake, nikamwita.

Alichovya mikono ndooni, akaishika.

"Haitelezi, kaka," akasema, akakaa nayo kifuani kitambo.

Juzi mkewe Dija alikuja mwenyewe kumchukua. Mguu haukunjuki vizuri, wakaenda polepole. Dija ndiye aliyebeba bunduki, na Hija akamwegemea begani, wakicheka.

Nduguyo akupendaye,
Mbaruku bin Mwinshehe