Damu Safi ya Ramadhani

Maskati

Kwa mdogo wangu Ramadhani,

Asalaam alaykum. Shikamoo yako niliisikia kwenye simu, na marahaba nakupa kwa sababu tu mama alitulea vizuri. Mimi mzima. Mama anaendeleaje na miguu? Mwanao Idi maumivu yametulia? Hayo ndiyo ulipaswa kuniambia kwanza, siyo habari za kikao.

Eti ukoo umekaa, mmekunywa chai, mmekata shauri mkeo Zuhura arudishwe kwao Goweko kwa kuwa amekuzalia mtoto wa siko seli. "Dada, kwetu damu safi." Nilicheka mpaka nikaona aibu. Damu safi, Tabora? Mji uliokusanya wapagazi wa misafara kutoka kila pembe, wakaoa, wakazaa, wakatuacha sisi?

Nisikilize, fundi baiskeli unayejua kila kitu. Mwaka wa tatu huu nafanya usafi kwenye maabara. Huku watu hupimwa kabla ya kuoana, na mama mmoja mpimaji, anayesema Kiswahili kama sisi, alinieleza nikaelewa, wala sikusoma kukuzidi. Mtoto hupewa kinasaba kimoja cha damu na baba, kingine na mama. Akipata kibovu kimoja, kile kizima hukizidi nguvu, naye anaishi zake na baiskeli anatengeneza. Akipata vibovu viwili, anaumwa kama Idi. Zuhura alitoa kimoja. Cha pili, bingwa, alikitoa nani? Jirani? Usithubutu: masikio yale ni yako.

Nikaomba nipimwe na mimi. Ninacho kimoja, na sikukiokota sokoni.

Wewe hukumkuta kaka yetu Sudi. Alivimba vidole, akalia kwa maumivu mpaka akafa. Ukoo ulikaa hivi hivi, ukasema Shangazi Mwamini kamroga. Akajitwika godoro lake akaenda Puge, akafia huko, wala hatukwenda kumzika. Sufuria zake nilizitupa nje mimi, kwa mikono yangu. Ndiyo maana nakudharau: najiona mimi mwenyewe.

Mpeleke Idi kliniki, nawe ukapime. Mama mshikie miguu kwa niaba yangu. Wifi yangu Zuhura mwambie asifunge hata kanga moja. Wazee wa kikao wasalimie wakishamaliza chai.

Na kama lazima mtu atoke kwa ajili ya damu, jitwike godoro lako, Ramadhani. Njia ya Puge unaijua.

Dada yako, mwenye kimoja kama wewe,
Mwajuma