Kwa Nini Nilizima Kompyuta Siku ya Ndoa ya Zaina

Mbinga, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo tena, kwa zile simu zote ulizokataa kupokea. Miguu inaendeleaje? Dawa ya kuchua bado ipo? Mimi mzima kabisa, hata nimenenepa, maharage ya huku Umatengo hayana mchezo. Najua umekasirika. Ndiyo maana nimeandika, maana barua huwezi kuikata katikati.

Nyumba yangu unaijua kwa picha. Upande huu nakaa mimi, upande wa pili wa ukuta anakaa Mwalimu Osmunda, binti wa Mkumbi anayefundisha sekondari. Intaneti tumevuta moja. Antena iko juu ya paa, ruta iko sebuleni kwangu, na waya umepita kwenye dari mpaka kwenye kompyuta yake. Siku za kawaida inatutosha: mimi natuma ripoti zangu za kahawa, yeye anasoma shahada yake ya pili. Lakini video mbili kwa mpigo, wapi! Zote zinaganda.

Sasa Jumamosi ile Osmunda alikuwa atetee tasnifu yake kwa video mbele ya walimu wa chuo, saa tatu. Ndoa ya Zaina ni saa tano. Tukasema, aa, nafasi tele. Nikapika pilau, nikavaa dera jipya, hina nilishapaka tangu jana yake, nikakaa mbele ya kompyuta peke yangu utadhani mimi ndiye bibi harusi. Kumbe walimu wa chuo nao wakachelewa mpaka saa tano kasoro!

Mama, nilikuwa nawaona wote. Nilikuona wewe na mtandio wako wa zambarau. Shehe akaanza. Mara nasikia ukutani: "Mwalimu, hatukusikii. Sauti inakatika." Mara ya kwanza nikajifanya sikusikia. Ya pili nikaongeza sauti ya kwangu. Ndiyo, Mama, niliongeza. Ya tatu wakamwambia isipokaa sawa wataahirisha, na walishamwahirishia mara moja kwa sababu ya umeme, akangoja mwaka mzima. Angekuja kunigongea, wallahi ningemfokea. Hakugonga. Alijua ni ndoa ya mdogo wangu. Nikazima.

Simu haishiki ndani ya nyumba yetu. Nikatoka mbio na dera langu, nikapanda mlima kupitia shamba la kahawa la jirani mpaka juu kunakoshika, nikampigia Baba Mdogo, maana ndiye aliyeshika kompyuta huko. Nikapiga, nikapiga. Nani angesikia kwenye vigelegele vile? Jioni ndipo akaniambia kwamba Zaina alipoulizwa kama ameridhia, aligeuka kunitazama, akakuta kioo cheusi. Hapo nililia sana. Mpaka leo inaniuma.

Niliporudi kutoka shambani, Osmunda alikuwa mlangoni.

"Ulizima?"

"Nilizima."

"Nimefaulu, dada."

Tukalia wote wawili, halafu tukala pilau.

Kesho yake baada ya misa mama yake akaja kutoka Mkumbi na ndoo ya maharage na kuku mzima, kafungwa miguu. Akasema hawakumchinja makusudi, nikatafute Mwislamu mwenzangu anichinjie. Akaniuliza, "Mama yako anasemaje?" Nikamwambia hupokei simu. "Ana haki," akasema. "Hata mimi nisingepokea. Mwandikie, mwambie kosa ni langu, niliyezaa mtoto asiyejua kuomba." Tukacheka mpaka kuku akashtuka.

Sikufichi, Mama, nina raha huku. Kazi naipenda na majirani ni watu. Yakitokea tena nitazima tena, na nitalia tena.

Huyu aliyekuletea barua ni mwenzangu wa ofisini, yuko likizo, mpe chai. Kwenye mfuko kuna dagaa wa Ziwa Nyasa, wenyewe wanawaita usipa. Mgawie na Bibi, lakini mtolee vichwa. Msalimie Baba Mdogo, na shemeji yangu mpya mwambie bado sijamkagua. Zaina nimemwandikia barua yake, imo humu humu, usiifungue.

Ijumaa baada ya swala nitakupigia. Pokea tu, Mama. Kama bado una hasira usiseme neno. Nikusikie unavyopumua, inanitosha.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi